Baiskeli kandokando ya Kivu: ng'ambo ni matembezi, kwetu ni mzigo

Mkataba ambao Kinshasa na Kigali walitia sahihi kule Washington tarehe 27 Juni 2025, wengi wetu tuliusoma kwa mambo mawili tu, askari na madini. Ilikuwa haki yetu. Lakini katika karatasi iliyofuata mwezi wa nane, ile ya kuweka misingi ya kushirikiana kiuchumi, kuna maneno ambayo hayakupigiwa kelele na mtu: mbuga za taifa na utalii. Yamepangwa pamoja na umeme, barabara, madini na afya ya watu. Tarehe 4 Desemba marais wawili wakakutana Washington kuyathibitisha yote. Haikupita juma moja, vita vikaingia Uvira.

Kwa hiyo mtu akija leo kuongelea utalii pembeni ya Ziwa Kivu, mama muuza ndizi wa Minova atamwangalia na kumuuliza: "Baba, uko na akili kweli?"

Tuongelee hata hivyo. Ju gani? Sababu karatasi hizo, hata zikilala leo, kuna siku zitafunguliwa tena mezani. Siku hiyo upande mmoja utafika na kitu ambacho tayari kinafanya kazi, kina jina, kina ramani, kinajulikana na wasafiri wa Ulaya na Marekani. Upande mwingine utafika na hotuba. Kitu hicho cha majirani zetu si hoteli ya vioo wala uwanja wa ndege. Ni njia ya baiskeli.

Inaitwa Congo Nile Trail. Jina linadanganya kidogo, maana njia yenyewe haiingii Congo hata hatua moja. Limetokana na ule mgongo wa milima unaogawa maji: mvua ikianguka upande wa mashariki inatelemka kwenda Nile, ikianguka upande wa magharibi inaingia Kivu, inatokea Ruzizi, inafika Tanganyika, inapita Lukuga mpaka kwenye mto wetu mkubwa. Maji ya njia ile yanakuja kwetu. Pesa zake hapana.

Inaanzia Rubavu, mji ambao watu wa Goma bado wanauita Gisenyi. Inapita Rubona penye kiwanda cha bia, Kinunu penye kahawa, Karongi ambayo ndiyo Kibuye ya zamani, inashuka Nyamasheke na kuishia Kamembe, ng'ambo ya Ruzizi. Kwa maneno mengine inaanza mbele ya macho ya Goma na kuisha mbele ya macho ya Bukavu. Ni kilomita 227. Ziwa lenyewe lina urefu wa kilomita 90 hivi tu. Zinazobaki ni ghuba, mabonde na vilima ambavyo njia inalazimika kuvizunguka ama kuvipanda. Mwenye mapaja mazuri anaimaliza kwa baiskeli siku tano. Anayetembea kwa miguu anahitaji kama siku kumi.

Uzuri wake hauko katika urahisi. Ziwa liko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, na kila kijito kinachoingia ndani yake kimechimba bonde lake. Unapanda nusu saa, moyo unataka kutokea mdomoni, unafika juu unaona maji yote na kisiwa cha Idjwi mbele yako, halafu unatelemka dakika tano mpaka kwenye daraja la miti, na mchezo unaanza upya. Mgeni mwenye baiskeli ya gia nyingi anapumua kama mbuzi, huku kijana wa kijiji mwenye kinga ya chuma isiyo na gia hata moja, amefunga mkungu wa ndizi nyuma, anasukuma na kumsalimia. Jioni mgeni anafika kando ya maji, anakula sambaza za kukaanga, anasikia wavuvi wakiimba katika mitumbwi yao mitatu iliyofungwa pamoja. Asubuhi miguu inauma, lakini anaendelea.

Na magari karibu hayapo. Hapo ndipo siri ya biashara yote. Upande wa kaskazini, kati ya Rubavu na Karongi, unaweza kukutana na moto moja moja, pengine lori wakati wa mavuno ya kahawa, basi. Msafiri wa baiskeli anayetoka Ulaya anatafuta vitu viwili ambavyo kwao vimekuwa adimu: vilima, na barabara ambamo hakuna lori linalompulizia moshi sikioni.

Njia iliyokuwapo tayari

Tunachopaswa kukiangalia sana sisi Wakongomani ni namna njia ile ilivyotengenezwa. Serikali ya Rwanda, kwa njia ya ofisi yake ya maendeleo, RDB, haikupasua mlima. Ilichukua vijia vya watu, vile ambavyo mama anapita akienda sokoni na mtoto akienda masomo, ikaviunganisha, ikavichora kwenye ramani, ikasimika vibao, ikapanga fasi za kulala njiani. Sehemu kubwa ya mali ile ilikuwa tayari imetengenezwa na nyayo za wanakijiji kwa miaka mingi. Kilichoongezwa ni mpangilio na utulivu.

Linganisheni na gorila. Rwanda inauza kibali cha kuona gorila kwa dola 1,500 tangu mwaka 2017, kwa saa moja ya kuangalia. Virunga, kabla ya vita kufunga milango, ilikuwa inauza kwa dola 400. Pesa hizo ni nyingi na zinaingia katika kasha moja, halafu watu wanabishana nani anagawa. Njia ya baiskeli haina kibali cha kununua. Mtu anapanda baiskeli na kwenda. Lakini kwa siku tano huyo mtu anakula mara tatu kwa siku, analala usiku nne, ananunua maji, chai, parachichi, analipa fundi wa kuziba tairi, analipa mwenye mtumbwi ili amrudishe akichoka. Ni pesa ndogo ndogo, lakini zinaangukia katika mikono ya watu wa Kinunu na Musasa, siyo ya wakubwa wa mji. Siwezi kusema kila kijiji kule kimetajirika. Vingine vinaona wageni wakipita tu kama ndege. Ila hakuna mtu wa kusimama katikati na kusema pesa zimeishia kwake.

Halafu lami ikaja. Rwanda ilijenga barabara kubwa kandokando ya ziwa kutoka Rusizi mpaka Rubavu. Nani angekataa? Mgonjwa anafika hospitali haraka, kahawa inafika kiwandani kabla haijaharibika. Ila njia ya baiskeli ililipa bei. Upande wa kusini, kutoka Karongi kwenda Kamembe, sehemu ndefu ya njia leo inafuata lami, na wasafiri wengi wanaotaka utulivu wanapanda kipande cha kaskazini peke yake, kisha wanarudi kwa basi ama kwa boti. Majirani hawakufanya kosa la kuleta barabara. Ila barabara ikishapita juu ya kijia, kijia hakirudi chenyewe. Lazima mtu akichore upya pembeni, na hiyo ni kazi ya kuamuliwa kabla ya mashine kufika.

Mbio za Kigali na aibu yetu

Mwezi wa tisa 2025, kuanzia tarehe 21 mpaka 28, Kigali ilipokea mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani. Ilikuwa mara ya kwanza Afrika kupokea mashindano hayo. Mslovenia Tadej Pogačar alishinda mbio kubwa ya wanaume, kilomita 267.5 zenye kupanda zaidi ya mita 5,400 zikijumlishwa, na waliofika mwisho walikuwa 30 tu. Vilima viliwaondoa wengine wote. Kwa siku nane dunia nzima iliona Rwanda kuwa nchi ya baiskeli na milima ya kijani.

Kwetu tuliangalia kwa macho mengine. Goma ilianguka mwisho wa mwezi wa kwanza mwaka huo, Bukavu katikati ya mwezi wa pili. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa wameandika ripoti juu ya ripoti kuhusu jeshi la Rwanda kuwa pamoja na M23, Kigali inakana. Bunge la Ulaya liliomba mwezi wa pili mashindano yaondolewe Kigali kama Rwanda haibadilishi mwenendo. Hayakuondolewa. Watu wengi katika miji yetu waliona uchungu, na mimi sioni sababu ya kuuficha katika ukurasa huu. Kuangalia sherehe ya baiskeli kwa jirani wakati barabara yako imejaa waliokimbia vita, hata mtu mwenye moyo mpana anashindwa.

Lakini uchungu si uchambuzi. Tukisema tu kwamba utalii wa jirani umejengwa juu ya maumivu yetu, tumesema neno lenye uzito, na bado hatujajibu swali: siku bunduki zitakaponyamaza, sisi tuna nini cha kuweka kando ya ziwa hili?

Tuna barabara moja. Ni RN2, kutoka Goma kupitia Sake, Minova, Kalehe na Kavumu mpaka Bukavu. Angalieni ramani: inaunganisha miji miwili ileile ambayo Congo Nile Trail inaitazama kutoka ng'ambo. Ziwa ni lile moja, vilima ni vilevile, sambaza ni zilezile. Kutoka Goma mpaka Sake kuna lami, kilomita kama 25. Kutoka Bukavu mpaka Kavumu vilevile kuna lami. Katikati, sehemu kubwa ni udongo na mawe.

Barabara hiyo nayo imewahi kuwa bila magari. Mwaka 2024, vita vilipofika kati ya Sake na Minova, gari hazikupita tena. Watu na mizigo wakahamia majini. Tarehe 3 Oktoba mwaka huo boti iliyotoka Minova, imejaa kupita kiasi, ilizama mbele ya bandari ya Kituku, Goma, watu wa pwani wakiiona kwa macho. Makumi ya watu walikufa. Msafiri wa Ulaya analipa tiketi ya ndege ili apate barabara isiyo na magari. Sisi tulipewa ya kwetu na vita, na ikatuzamisha.

Kwa hiyo ukisikia mtu anasema "Kivu ya Kongo ni paradiso kwa baiskeli, hakuna magari", mwambie apunguze mwendo. Barabara tupu na barabara tulivu ni vitu viwili. Barabara inakuwa tupu kwa sababu watu wanaiogopa. Ile tulivu watu wanaitumia wote, mwenye mbuzi, mwenye mtoto mgongoni, mwenye kinga, na hakuna anayekimbia.

Mwenye makala na mtalii wanataka kitu kimoja

Hapa ndipo ninatofautiana na wale wanaosema baiskeli ya matembezi ni mambo ya wazungu, haituhusu. Nendeni Goma, kwenye mzunguko wa katikati ya mji, muone sanamu ya chukudu. Hakuna mji mwingine ninaoujua uliojengea sanamu chombo cha miti cha magurudumu mawili. Chukudu linatoka juu, Kibumba ama Masisi, limebeba makala, viazi, kabichi, mamia ya kilo. Mwenyewe amepiga goti moja juu ya kipande cha mpira, mguu mwingine unasukuma, na breki yake ni mpira unaobanwa na mguu juu ya gurudumu la nyuma. Lubumbashi makala yanaingia mjini asubuhi juu ya kinga. Kisangani toleka ndio waliobeba watu miaka yote ambayo mafuta hayakufika. Kasai wenye baiskeli wamesukuma mizigo mamia ya kilomita kwa sababu hakuna gari la kupita.

Nchi yetu ni nchi ya baiskeli. Ila kwetu baiskeli haina heshima, kwa sababu tunaiona kama gari la mtu aliyekosa gari. Jirani yetu wa Burundi alifika mbali zaidi: mwezi wa tatu 2022 wakubwa walizikataza baiskeli, moto na bajaji kuingia katikati ya Bujumbura, siku moja tu, na maelfu ya vijana wakaamka bila kazi.

Sasa muulizeni mwenye chukudu anataka nini barabarani. Atawaambia mteremko usiwe wa kuanguka kama jiwe, uzungukwe polepole. Maji ya mvua yapate mfereji wake, yasipite katikati ya njia. Mbao za daraja zisiwe zimeoza. Fuso isije kwa kasi kwenye kona. Na asisimamishwe kila kilomita na mtu anayenyoosha mkono. Muulizeni Mbelgiji ama Mjerumani wa kutembea na baiskeli anataka nini. Atawapa majibu hayohayo, labda ataongeza fasi ya kuoga.

Ndiyo sababu njia nzuri ya baiskeli katika vilima si anasa. Kazi ileile, pesa zilezile, zinamsaidia mama wa ndizi siku 365, na mgeni siku tano. Kijia chenye upana wa mita mbili, chenye mifereji na mawe kwenye kona, kinagharimu kidogo sana ukilinganisha na barabara ya magari, kinaweza kutunzwa na kantonye wa kijiji kwa jembe na beleshi, na hakipasui mlima. Hili la kupasua mlima si dogo. Mwezi wa tano 2023 mvua iliua zaidi ya watu 400 Kalehe, Bushushu na Nyamukubi, na juma hilohilo iliua zaidi ya 100 ng'ambo katika Rwanda. Vilima vya Kivu vinabeba watu wengi, miti imebaki kidogo, na kila mahali tunapochimba bila mfereji tunafungulia maji mlango.

Kikwazo kikubwa si kilima, wala si pesa za saruji. Ni ule mkono ulionyooshwa. Watafiti wa IPIS, wa Ubeljiji, walihesabu mwaka 2017 karibu vizuizi 800 katika barabara za Kivu zote mbili, vya askari, vya watu wa serikali, vya wenye silaha wa kila namna. Kila kizuizi kina kamba yake na bei yake. Mwenye kinga ya makala analipa, mwenye kuku analipa. Weka mtalii juu ya barabara hiyo: siku ya kwanza atacheka, siku ya pili atalipa, siku ya tatu atarudi kwao na kuwaambia wenzake. Utalii ni biashara ya uoga kuliko biashara ya uzuri. Virunga inajua. Mwezi wa tano 2018 Waingereza wawili walitekwa na mlinzi wao mmoja wa kike akauawa. Mbuga ikafungwa kwa wageni mpaka mwezi wa pili 2019. Hata hivyo wale walinzi waliendelea na kazi, na wengine wengi wamekufa kabla na baada. Hakuna kibao cha njia kinachoweza kufanya kazi hiyo mahali pao.

Reli ya Wabelgiji

Kuna mfano mmoja wa Ulaya ambao ningependa wanasiasa wetu wausome, maana wanapenda kwenda Brussels. Unaitwa Vennbahn. Ni njia ya baiskeli ya kilomita 125 kutoka Aachen, Ujerumani, kupitia vilima vya mashariki ya Ubeljiji mpaka Troisvierges, Luxembourg. Zamani ilikuwa reli. Na kwa kuwa treni haiwezi kupanda mlima mkali, mteremko wake ni mpole hata katikati ya vilima. Mzee wa miaka 70 anapita na mjukuu wake. Upande wa Wallonia wameziunganisha reli nyingi zilizokufa, na njia za kando ya mito pia, katika mtandao wanaouita RAVeL, ulioanzishwa mwaka 1995, ambao leo una zaidi ya kilomita elfu moja bila magari.

Lakini kilichonivuta kwa Vennbahn ni mpaka wake. Baada ya vita vya kwanza vya dunia, Mkataba wa Versailles uliwapa Wabelgiji eneo lile, na reli yenyewe ikawa mali yao hata pale inapopita katikati ya Ujerumani. Mpaka leo utepe ule mwembamba wa ardhi ni wa Ubeljiji, na kuna vijiji vya Ujerumani vilivyobaki upande wa pili kama visiwa. Watu waliuana mara mbili juu ya ardhi ile katika karne moja. Leo mtu anakunywa kahawa Ujerumani na kula chakula cha mchana Ubeljiji, na hakuna anayemuuliza karatasi.

Mtu ataniambia: "Unaona, tufanye vile Kivu, baiskeli zilete amani." Apana. Kule amani ilitangulia, tena kwa miaka hamsini na zaidi, ndipo baiskeli zikaja nyuma yake. Njia ya pamoja kuzunguka ziwa, kutoka Gisenyi kwenda Kamembe na kurudi kwa Bukavu na Minova, ni ndoto nzuri, na sitashangaa ikiandikwa katika mradi fulani wa wafadhili kwa picha za rangi. Ikiandikwa kabla watu wa Masisi hawajarudi mashambani mwao, itakuwa ni kutufanya sisi kuwa mandhari. Mtalii atalala ng'ambo, atakula ng'ambo, atapiga picha ya milima yetu jua linapozama nyuma yake, kisha atarudi nyumbani akisema ameona Congo.

Kwa hiyo utalii ukifika mezani, mjumbe wetu asianze na hiyo njia ya pamoja. Aanze na mambo ambayo yako mikononi mwetu.

La kwanza ni RN2 yenyewe. Siku itakapojengwa, na kila serikali imeiahidi, wataandika vipimo vya lami, madaraja na mifereji. Katika vipimo hivyo pawepo ukingo wa mita moja na nusu kila upande kwa kinga, chukudu na miguu, na pale ambapo barabara mpya inaacha kona za zamani, kona hizo zisifunikwe wala kuuzwa. Zibaki njia ya polepole. Rwanda ilijifunza hilo ikiwa imeshachelewa kwa upande wa kusini. Sisi tuna bahati mbaya ya kuwa nyuma, basi tuitumie. Tangu mwaka 2008 tuna FONER, mfuko wa kutunza barabara, unaokula pesa za mafuta na za péage. Sijawahi kusikia senti yake ikipewa jina la kijia cha baiskeli, ingawa wapitao juu ya vijia ni wengi kuliko wapitao ndani ya magari.

La pili ni Idjwi. Kisiwa kile chote ni chetu, kiko katikati ya ziwa, kina vilima, kahawa na mananasi, hakina lami, magari yake yanahesabika kwa vidole. Vita vya miaka thelathini vimekipita pembeni mara nyingi kuliko nchi kavu. Mtu wa Congo Nile Trail anakiona kila siku upande wake wa kuume akitelemka kusini, wala hajui kwamba anaweza kufika. Kwa miaka mingi kahawa ya Idjwi ilivushwa usiku kwa mitumbwi kwenda kuuzwa ng'ambo, na wengine walizama nayo, kwa sababu kwetu hapakuwa na mnunuzi wa bei nzuri. Vijia vya Idjwi vipo. Watu wake wanavitunza wenyewe kwa salongo. Ramani, vibao, nyumba chache za wageni zinazosimamiwa na vyama vya kahawa vya kisiwani, na boti isiyozama kutoka Goma na Bukavu: kati ya hivyo vyote kinachohitaji pesa kubwa ni boti tu, na boti hiyo watu wa Idjwi wanaidai tangu zamani, mtalii awepo asiwepo.

La tatu ni mpaka. Pale Petite Barrière, kati ya Goma na Gisenyi, wenye ulemavu wamebeba mizigo ya wafanyabiashara miaka mingi juu ya baiskeli zao za magurudumu matatu, wakizungusha pedali kwa mikono. Wao ndio wenye safari za baiskeli za kimataifa kwa kweli, asubuhi kwenda, jioni kurudi, na unga, saruji na bia juu. Kama karatasi ya utalii itaongelea kurahisisha kuvuka kwa wageni wenye baiskeli za dola elfu tatu, mjumbe wetu aulize kwanza hao watalipa ushuru gani, na saa ngapi mlango utafunguliwa kwa ajili yao.